Kitalu nyumba cha mita 3 kwa 4: uniti zinaishia wapi?

pilipili_mtini

Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu, si wa kubahatisha. Nina kitalu nyumba cha nyumbani: upana mita 3, urefu mita 4, kuta mita 2, kilele cha paa mita 2.6, kimevikwa plastiki ya kitalu tabaka moja. Ndani kuna nyanya, pilipili hoho na meza moja ya miche. Umeme ni wa volti 230, na vifaa ni hivi:

- hita ya feni wati 2000, termostati imewekwa nyuzi 15
- feni ya kutoa hewa wati 180, panga la sentimita 40, huzunguka kwa jumla ya saa 9 hivi kila mchana
- feni ndogo ya kuzungusha hewa wati 25, haizimwi
- taa mbili za LED, wati 150 kila moja, saa 5 kwa siku
- pampu ya nusu hospawa inayosukuma maji moja kwa moja kwenye mipira ya matone: matundu 40 ya lita 2 kwa saa, dakika 45 kila siku

Wastani wa joto la nje usiku ni nyuzi 9, alfajiri hushuka hadi 7. Cha ajabu, alfajiri hiyo kipimajoto cha ndani kinasoma 13 au 14 na hita inaunguruma tu. Naishuku feni kubwa kwa kula uniti kwa sababu mchana kutwa haipumziki. Niibadilishe? Na je, kuna maana ya kuhamia sola?

---

fundi_wa_mita

Mkuu, feni unaisingizia. Tuanze na vile vyepesi, wati mara saa gawanya kwa 1000, kisha mara siku 30:

Feni kubwa: 180 × 9 = uniti 1.62 kwa siku, kama 49 kwa mwezi.
Taa: 300 × 5 = uniti 1.5 kwa siku, 45 kwa mwezi.
Feni ndogo: 25 × 24 = uniti 0.6 kwa siku, 18 kwa mwezi.
Pampu: ikibanwa na matundu ya matone huvuta kama wati 450, kwa dakika 45 ni uniti 0.34 kwa siku, 10 kwa mwezi.

Jumla uniti 122 hivi. Sasa hita, ambayo huwezi kuipigia hesabu kwa kuangalia kibandiko chake, maana huwaka na kuzima. Inayoamua ni ngozi ya kitalu, yaani eneo lote linalogusana na hewa ya nje. Kuta: mzingo mita 14 × 2 = mita za mraba 28. Pembetatu mbili za mbele na nyuma: 1.8. Paa: kila upande una mteremko wa mita 1.62 × 4, pande mbili ni 12.9. Jumla 42.7.

Plastiki ya tabaka moja hupitisha kama wati 6.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. 42.7 × 6.5 = wati 278 kwa nyuzi. Ongeza hewa inayopenya kwenye mianya. Ujazo wa kitalu chako ni mita za ujazo 27.6. Hewa yote ikibadilika mara 2 kwa saa, unapoteza 0.33 × 27.6 × 2 = wati 18 kwa nyuzi. Jumla 296.

Tofauti ya usiku ni nyuzi 6 (15 kutoa 9). 296 × 6 = wati 1776, saa 12 za usiku ni uniti 21.3. Kwa mwezi: 639. Hapo ndipo pesa inapoishia. Katika kila uniti 10 unazolipia, zaidi ya 8 zinatokea kwenye plastiki kwenda kupasha joto mbingu.

Na hilo la alfajiri si la ajabu. Nje ikiwa 7, kufikia 15 ndani kunadai 296 × 8 = wati 2368. Hita yako ina 2000. Gawanya 2000 kwa 296 utapata nyuzi 6.8, jumlisha 7, unafika 13.8. Ndicho kipimajoto chako kinachosoma. Kwa hiyo makadirio haya yanakikaribia sana kitalu chako, na usiende kununua hita ya wati 3000. Itafika 15 kweli, na bili itapanda pamoja nayo.

Anza na tabaka la pili la plastiki ndani ya fremu, ukiacha nafasi ya hewa ya sentimita 2 hadi 10. Ngozi inashuka kutoka wati 6.5 hadi karibu 4. Plastiki mbili zikigusana umepoteza kazi bure, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati. Zikiwa mbali mno, hewa hiyo huanza kuzunguka yenyewe na kusafirisha joto kutoka tabaka moja hadi jingine.

Ukichanganya tabaka la pili na kushusha termostati hadi 13: ngozi 171, mianya kama 14, jumla 185 × nyuzi 4 × saa 12 = uniti 8.9 kwa usiku. Kutoka 639 hadi 267 kwa mwezi, hujanunua mashine yoyote.

---

mama_trei

Hesabu ya fundi ni sawa, ila kabla ya kugusa termostati tuulize mimea yenyewe inataka nini. Nyanya hustahimili usiku wa nyuzi 12 au 13 bila shida kubwa. Zikishuka chini ya 10 chavua huharibika na maua hupukutika. Hoho ndiyo yenye kudeka, usiku ikipoa hudumaa. Miche inataka joto, lakini mizizini, nyuzi 20 hivi, siyo hewa yote ya kitalu.

Kwa hiyo usiipashe joto hewa ya mita za ujazo 27 kwa ajili ya meza moja. Tandika mkeka wa joto chini ya trei. Mikeka midogo ya sentimita 25 kwa 50 huvuta kama wati 20. Miwili, ikiwaka nusu ya muda, ni uniti 0.48 kwa siku, 14 kwa mwezi. Chini ya mkeka weka kipande cha povu gumu la sentimita 2, la sivyo nusu ya joto inateremka kwenye meza. Kihisio cha termostati ya mkeka kizamishwe ndani ya udongo wa trei, sentimita 3 hivi. Kikining'inia hewani, mkeka hauzimi kamwe na mizizi inaiva. Usiku tengeneza hema dogo la plastiki juu ya meza hiyo tu, na vyungu viwili vitatu vya hoho vinavyodai joto viingie humo humo.

Kuhusu taa, wengi huwasha kwa mazoea. Kipimo cha mwanga wa mmea kwa siku nzima ni moli kwa mita ya mraba: saladi hutosheka na 12 hadi 17, nyanya zinataka 20 hadi 30. LED nzuri hutoa mikromoli 2.7 kwa kila juli, yaani karibu moli 9.7 kwa uniti moja. Taa zako zikiwa za ubora huo, uniti 1.5 kwa siku ni moli 14.6. Ukizitawanya juu ya mita za mraba 12 zote, kila mita inapata 1.2 tu. Nyanya haitaona tofauti! Ukizikusanya juu ya meza ya miche ya mita za mraba 1.5, ni karibu moli 9.7 kwa mita, na hapo miche itasimama imara badala ya kurefuka kama uzi. Zishushe, zipange juu ya meza, na kwa nyanya osha plastiki. Vumbi lina wizi wake, nao hauonekani kwenye mita.

Jambo moja la bure: wati zote za taa huishia kuwa joto. Taa za wati 300 ni hita ya wati 300. Badala ya kuziwasha jioni kitalu kikiwa bado na joto la jua, ziwashe saa 5 za mwisho kabla ya mapambazuko, hita itapumzika kwa kiasi hicho hicho. Ila usizikeshe usiku kucha, nyanya zinahitaji saa za giza. Mwanga usiokatika huzipa majani ya manjano.

---

kwezi_wa_paa

Ongezea pazia la usiku, linavutwa jua likizama na kufunguliwa asubuhi. Lishuke hadi chini na kingo zibanwe. Likiwa na upenyo wa kiganja pembeni, hewa baridi inateremka nyuma yake kama maji. Na mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi upande usiopigwa na jua moja kwa moja ni kosa la kila siku: yanatakiwa yawekwe pale jua linapoyapiga. Pipa la lita 200 likipoa nyuzi 10 hurudisha uniti 2.3 za joto. Likipoa nyuzi 3 tu hurudisha 0.7, kwa hiyo pipa moja kivulini ni pambo.

---

pilipili_mtini

Asanteni sana, kumbe hoja ni ngozi. Nimegundua kitu kingine: jioni baada ya jua kuzama, feni kubwa na hita vinafanya kazi kwa pamoja. Termostati ya feni iko 18, nayo imefungwa karibu na kilele cha paa. Na bado sijajibiwa la sola.

---

saketi_kavu

Hilo la feni na hita kushindana ni ugonjwa wa kawaida na unaweza kuwa unakula zaidi ya hesabu ya fundi.

Termostati haizimi kwenye namba ileile inayowashia, ina pengo lake. Nyingi za bei nafuu huja na pengo la nyuzi 3 au 4. Feni ikiwaka 18 na pengo ni 4, inazima 14. Hita inaanza 15. Kati ya 15 na 14 vyote viwili viko kazini: hita inapasha, feni inatupa nje. Ukijumlisha na kwamba kihisio cha feni kiko juu, mahali ambapo hewa ya moto hujikusanya, feni inaona 18 wakati mimea iko kwenye 14.

Dawa yake: vihisio vyote viwili vishuke hadi usawa wa vichwa vya mimea, katikati ya kitalu, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ili jua lisivipige. Kihisio kinachopigwa na jua husoma nyuzi kadhaa zaidi ya hewa yenyewe. Kisha feni iwekwe 26 kwa pengo la 2, hita 13 kwa pengo la 1. Kati ya kuzima feni na kuwasha hita zibaki nyuzi 5 au zaidi. Kama kifaa chako kinaruhusu, unganisha feni kupitia mguso wa hita unaofunguka, ili hita ikiwaka feni isiweze kuwaka hata ikitaka.

Angalia pia vibao vya feni vinavyojifunga upepo ukikoma. Vikishikwa na vumbi hubaki wazi usiku. Hewa ikibadilika mara 6 kwa saa badala ya 2, umeongeza wati 36 kwa nyuzi. Kwa nyuzi 6 na saa 12 ni uniti 2.6 kila usiku kwa sababu ya kibao kimoja kilichokwama.

Jingine ni usalama. Hita ya wati 2000 inavuta ampia 8.7. Termostati nyingi zimeandikwa ampia 16, lakini namba hiyo ni ya mzigo wa waya wa joto. Kwa mota uwezo ni mdogo zaidi, soma kibandiko. Miguso ikiungua na kugandana, hita haizimi tena, na utaikuta mimea imekauka. Termostati iwashe kontakta (swichi ya umeme ya mizigo mizito), kontakta ndiyo ibebe hita. Weka termostati ya pili ya dharura ikate umeme wa hita ikifika 35. Mstari wote upite kwenye kikata umeme cha mvujo cha miliampia 30, visanduku viwe vya IP65 (visivyopitisha vumbi wala maji ya kurushwa), na waya viingie kwa chini, vikiacha tumbo dogo ili tone la maji lidondoke kabla halijafika kwenye tundu. Waya wa mita 30 kutoka nyumbani uwe wa milimita za mraba 2.5. Huo unapoteza volti 3.9 hita ikiwaka, wa 1.5 unapoteza 6.3 na wati 55 zinaishia kupasha joto waya uliofukiwa.

---

mabomba_tu

Pampu hamjaigusa. Matundu 40 × lita 2 ni lita 80 kwa saa, dakika 45 ni lita 60. Pampu ya nusu hospawa ina uwezo wa kutoa lita 30 kwa dakika. Yaani kazi ya dakika mbili inafanywa kwa dakika 45, pampu ikisukuma ukuta na kuchemsha maji yake yenyewe. Sili zake hazitadumu.

Inua tangi la lita 200 mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi. Pampu inalijaza kwa dakika 7, uniti 0.06, na maji yanatosha siku 3. Kwa mwezi ni uniti 0.6 badala ya 10. Ila kimo hicho kinatoa shinikizo la bar 0.15 hadi 0.2 tu, kwa hiyo matundu ya kujirekebisha shinikizo hayatafunguka vizuri, mengi yanataka bar 0.5 na zaidi. Tumia ya kawaida, mipira iwe mifupi, ardhi iwe tambarare. Chujio liwe kubwa, dogo humeza shinikizo lote. Boya la kuzima pampu usilisahau.

---

fundi_wa_mita

Saketi_kavu amenikumbusha: nilihesabu mianya mara 2 kwa saa, kumbe na feni ilikuwa inashiriki. Uniti zako halisi zinaweza kuwa juu ya 639.

Sola sasa. Igawe mara mbili. Feni na sola ni ndugu, kwa sababu joto huja pamoja na jua. Paneli ya wati 100 na feni ya volti 12 au 24 ya umeme mnyoofu (DC), bila betri, bila inveta: jua likiwa kali feni inakimbia, wingu likija inapunguza. Haihitaji hata kidhibiti kikubwa, swichi ya joto tu katikati.

Hita na sola ni habari nyingine. Hata baada ya kuvika tabaka la pili bado unahitaji uniti 8.9 kwa usiku. Betri ya asidi ya volti 12, ampia-saa 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, hutoa uniti 0.6. Unahitaji 15, na paneli za kuzijaza wakati wa msimu wa baridi ambao jua ndilo dogo. Usijaribu. Kwa anayetaka kweli kupunguza uniti za joto, kiyoyozi cha aina inayopasha na kupoza hutoa kama uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme, uwiano ukishuka jinsi nje inavyozidi baridi. Kasoro yake ni unyevu na vumbi la kitalu: mapezi ya ndani huziba, yakiziba uwiano unaanguka. Yasafishwe kila mwezi.

Turudi kwenye feni kubwa, maana uliiulizia. Kitalu cha mita za ujazo 27.6 kinataka hewa ibadilike mara moja kwa dakika siku ya joto kali, yaani mita za ujazo 1656 kwa saa. Panga la sentimita 40 kwa wati 180 kwa kawaida hutoa zaidi ya hapo mara mbili. Ni kubwa kwako. Nguvu ya feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikiwa asilimia 60, nguvu ni 0.6 × 0.6 × 0.6 = 0.216, wati 180 zinakuwa kama 40, zaidi kidogo kwa upotevu wa mota. Hewa inabaki asilimia 60, bado inatosha. Lakini usiweke kipunguza mwanga cha taa kwenye mota ya kawaida. Itavuma, itapata moto, na mwisho itaungua. Tumia kidhibiti kilichotengenezwa kwa aina ya mota yako, au nunua feni yenye mota ya kielektroniki.

Kabla ya hapo pima mlango wa hewa. Mita 1656 kwa saa ni mita za ujazo 0.46 kwa sekunde, zinadai uwazi wa mita ya mraba 0.37 upande wa pili. Hiyo ni bila wavu. Ukiwa na wavu mzito wa kuzuia wadudu wadogo, utengenezee kisanduku kitokeze nje ili eneo la wavu lifike mita ya mraba 1 na zaidi. Wavu ukibana, feni inazunguka bila kuvuta hewa, joto halishuki, na ndiyo maana haipumziki kwa saa zote 9. Wavu wa kivuli wa asilimia 30 nje ya plastiki utakata saa hizo zaidi kuliko feni mpya yoyote; ukiwekwa ndani, joto limeshaingia.

---

mama_trei

Tahadhari moja kabla hujaziba kila tundu. Kitalu kilichobanwa sana hutoa jasho, matone yanadondokea majani, na ukungu wa kijivu unakuja. Ile feni ndogo ya wati 25 iache kama ilivyo, uniti 18 zake ni kinga. Mwagilia asubuhi, siyo jioni. Jua likikaribia kuzama fungua dirisha la paa dakika 10, hewa yenye unyevu itoke, kisha funga.

---

pilipili_mtini

Nimeelewa. Swali la mwisho: nitajuaje kama tabaka la pili limefanya kazi bila kungoja bili?

---

fundi_wa_mita

Usiku mmoja kabla na usiku mmoja baada, hita peke yake ikiwa imewashwa kitaluni. Andika namba ya mita saa 1 jioni na saa 12 asubuhi, na joto la nje na la ndani kila baada ya saa mbili. Toa uniti za friji na vitu vya ndani ya nyumba, au tumia mita ya kuchomeka kwenye soketi yenyewe, yenye uwezo wa ampia 16. Chukua uniti, zidisha kwa 1000, gawanya kwa saa, kisha gawanya kwa wastani wa tofauti ya joto. Kabla unatarajia karibu 296, baada karibu 185. Usilinganishe uniti tupu, maana usiku wa pili unaweza kuwa na joto zaidi. Chagua pia usiku usio na upepo mkali. Upepo hukamua joto kwenye plastiki na namba itakudanganya.

Ukitaka jibu la papo hapo, tazama taa inayopepesa kwenye mita. Usoni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1000. Pima sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. 3,600,000 gawanya kwa idadi hiyo, kisha kwa sekunde: 1000 na sekunde 2 ni wati 1800. Zima hita, pima tena. Kama kila kitu cha kitaluni kimezimwa na bado kuna wati kadhaa zisizo za nyumba, fuata adapta na visanduku vya kudhibiti: wati 5 zisizolala ni uniti 3.6 kwa mwezi kila kimoja.